Kazi za siku ya mvua kwa msafisha vioo aliyejiajiri

Masika yakianza Dar es Salaam, vioo vya nje hukosa wateja. Ingia ndani. Wiki mbili kabla, watumie wateja wako ujumbe: mvua ikinyesha siku ya zamu yao, utafanya vioo vya ndani na reli za madirisha, na bei uitaje hapohapo.

Reli za madirisha ya alumini ndizo zenye kazi kweli. Vumbi huziba vitundu vya kutolea maji, reli hujaa, maji yakamwagikia sebuleni. Toa uchafu kwa brashi kavu kwanza. Ukiulowesha mapema, uchafu huo unageuka tope. Zibua kila kitundu kwa waya mwembamba, mimina nusu kikombe cha maji, mwite mwenye nyumba ayaone yakitoka nje. Hapo kazi inajiuza yenyewe.

Pita pia saluni na maduka asubuhi, kabla hawajapata wateja. Kioo cha kujitazamia usikipulizie maji: yakipenya ukingoni, mgongo wake huota weusi usiofutika. Lowesha kitambaa tu. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya vyombo kinatosha lita 5. Ikizidi, huacha michirizi.