Kuandaa gitaa la umeme kwa muziki wa surf: nyuzi nene, briji, na kipande cha kadi ya simu

Ukifunga nyuzi nyembamba za 9 kwenye gitaa la Jazzmaster kisha ukailaumu briji yake (kipande cha chuma kinachobeba nyuzi mwilini), umeionea. Kampuni ya Fender ililitoa gitaa hilo mwaka 1958, na Jaguar likafuata 1962, enzi ambazo nyuzi za kawaida zilikuwa nene na uzi wa tatu ulikuwa umevikwa waya. Briji, tremolo (mtambo wa kuyumbisha sauti kwa mkono wa chuma) na pembe ya shingo vyote vilipimiwa nyuzi hizo, na ndizo zilizopigwa na bendi za California za surf, muziki wa gitaa wenye mwangwi mwingi, mwanzoni mwa miaka ya 60. Kwa hiyo kazi nyingi hapa ni kulirudisha gitaa kwenye uzito wake.

Mwongozo huu ni wa Jazzmaster, Jaguar na nakala zake. Mwenye Stratocaster, gitaa jingine la Fender, afuate yote isipokuwa hatua ya 4 na kitufe cha tremolo cha hatua ya 5.

Andaa bisibisi ya nyota, bisibisi bapa, tyuna (kipima sauti za nyuzi), kapo (kibano cha kubana nyuzi zote kwenye freti), rula ya chuma yenye milimita na fila geji, ile ile wanayopimia valvu mafundi wa magari.

Hatua ya 1: Chagua nyuzi

Namba ya seti ni unene wa uzi wa kwanza, ulio mwembamba kuliko wote, kwa sehemu za elfu za inchi. Usinunue kwa namba peke yake, maana urefu wa uzi kutoka nati ya juu (kipande chenye mifereji karibu na kichwa cha gitaa) hadi briji hubadilisha mvuto. Jazzmaster lina milimita 648, Jaguar 610. Uzi wa kwanza wa 10 kwenye Jazzmaster huvutwa kwa kilo 7.4 hivi, wa 11 kilo 8.9, wa 12 kilo 10.6. Kwenye Jaguar kila uzi hupungua kama asilimia 11, kwa hiyo ule wa 12 unashuka hadi kilo 9.4. Ndiyo maana napendekeza 11 kwa Jazzmaster na 12 kwa Jaguar: mkononi zinakaribiana. Nyuzi za 10 kwenye Jaguar ni kama mipira ya kufungia noti.

Dick Dale, mpiga gitaa maarufu wa surf, alitumia seti iliyoanzia 16 na kuishia karibu 60. Usimwige. Yeye alikuwa na mkono wake, na mifereji ya nati ya gitaa lako haikuchongwa kwa ajili hiyo.

Kuhusu aina, chukua nyuzi bapa, zile ambazo waya wake wa juu ni utepe laini usiokwaruza. Mlio wake ni mfupi na mzito mwanzoni, na mwanzo huo ndio unaoishtua springi ya mwangwi (kifaa kinachotengeneza mwangwi kwa springi za chuma) mpaka isikike kama tone la maji linaloanguka ndani ya pipa. Nyuzi za waya wa mviringo zina mng'ao zaidi na wengi wanazipenda. Sawa, lakini ziwe za nikeli tupu. Kwa vyovyote vile uzi wa tatu uwe umevikwa. Seti nzuri ya kuanzia inasomeka 11, 15, 22, 30, 40, 50, na hiyo 22 ndiyo iliyovikwa. Uzi wa tatu mtupu hupiga kelele kuliko wenzake, hasa kwenye Stratocaster la mtindo wa zamani, ambalo sumaku ya uzi huo imeinuliwa makusudi kwa ajili ya uzi uliovikwa.

Hatua ya 2: Funga nyuzi

Unajua kufunga. Jambo moja tu: nyuzi bapa zikunje kona kali kwanza, ndipo ukate mbele ya kona. Ukikata uzi ukiwa umenyooka, utepe hufunguka kuelekea ndani, na seti hizi si za bei ya kutupa.

Uzi ukilia "ting" unapokaza kigingi, mfereji wa nati ni mwembamba. Uongeze upana kwa faili la nati au msasa uliozungushwa kwenye kipande cha uzi chakavu. Panua kuta, usichimbe chini. Kisha pakaa risasi ya penseli.

Hatua ya 3: Nyoosha shingo

Nyuzi nene huvuta shingo mbele. Weka kapo freti ya kwanza, bonyeza uzi wa sita pale shingo inapoungana na mwili, kisha pima nafasi juu ya freti ya 8. Lenga milimita 0.3. Ikizidi, kaza chuma cha shingo (fimbo iliyo ndani yake) robo mzunguko, tyuni, pima tena. Kwenye magitaa ambayo kichwa cha chuma hicho kiko kisiginoni mwa shingo (mwisho wake unaoingia mwilini), fanya kazi hii pamoja na hatua inayofuata, kwa sababu shingo itang'olewa vilevile.

Hatua ya 4: Pembe ya shingo

Hapa ndipo watu hupoteza Jumamosi nzima.

Dalili ni hizi. Unapiga uzi wa sita kwa nguvu, unaruka kutoka kwenye kifereji chake cha briji na kuhamia cha jirani. Au briji inanguruma hata freti zikiwa safi. Au vyote vimekaa vizuri lakini gitaa limepooza. Mtu hubadilisha briji nzima, na ugonjwa unarudi. Sababu ni kwamba kutoka briji hadi mkia wa tremolo kuna mwendo mrefu, na briji ikiwa chini, nyuzi hupita juu yake karibu zimelala, haziikandamizi. Nyuzi nene husaidia nusu ya safari. Nusu nyingine ni kuinua briji, na huwezi kuiinua bila nyuzi kupaa juu ya freti, isipokuwa uilaze shingo nyuma kidogo.

Unailaza kwa kuweka kabari chini ya kisigino cha shingo, upande wa ndani wa shimo la mwili linalopokea shingo, ule unaoelekea pikapu (sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi). Ukiiweka upande wa nje, pembe inageuka kinyume na utashangaa kwa nini mambo yamekuwa mabaya zaidi.

Unene? Shimo la shingo lina urefu wa milimita 76 hivi, na kutoka ukingo wake wa nje hadi briji ya Jazzmaster ni kama 257. Kwa hiyo kila unene wa kabari huzaa zaidi ya mara tatu kwenye briji: nusu milimita inakupa nafasi ya kuinua briji milimita 1.7. Ile kadi ya plastiki inayobaki ukishang'oa laini ya simu ina unene wa 0.76, na inakupa 2.6. Kwa magitaa mengi hiyo inatosha. Kata ukanda wa upana wa milimita 10, utoboe matundu ya skrubu mbili za ndani ili usisogee. Kabari ya mbao iliyochongwa kwa mteremko na kujaza shimo lote ni bora, na ukiwa na seremala mvumilivu mwagize. Karatasi iliyokunjwa usitumie. Hubonyea, na baada ya mwezi kipimo kimeshuka.

Namna ya kufanya: legeza nyuzi, kisha weka kapo ili zisifumuke kwenye vigingi. Fungua skrubu nne. Weka kabari, rudisha shingo, na kabla ya kukaza kila skrubu izungushe kinyume hadi uisikie ikidondoka "tik" kwenye njia yake ya zamani. Ukiilazimisha itachonga njia mpya na mbao itachoka.

Sasa inua briji kwa skrubu zilizo ndani ya miguu yake, si kwa zile ndogo za kila tandiko, kipande kinachobeba uzi mmoja. Skrubu ndogo zikibaki ndefu hutikisika na kuzama zenyewe ukipiga, na ndiyo asili ya ngurumo nyingi. Ukimaliza kupima, tia kila moja tone la rangi ya kucha.

Na uiache briji iyumbe! Imeundwa iende na nyuzi unapobonyeza mkono wa tremolo, kisha irudi. Simamisha miguu yake wima ukiwa umeshatyuni. Ikiwa imeegemea mbele tangu mwanzo, hairudi sawa na gitaa linatoka kwenye tuni.

Hatua ya 5: Urefu wa nyuzi, tremolo, oktavu

Juu ya freti ya 17: milimita 2 kwa uzi wa sita, 1.6 kwa wa kwanza. Kwa anayepiga kwa nguvu, ongeza kidogo.

Nyuzi nene zinadai skrubu ya tremolo ikazwe zaidi. Kaza au legeza hadi kitufe cha kufungia kiteleze bila kubadilisha sauti ya nyuzi.

Linganisha sauti ya freti ya 12 na harmoniki yake (sauti ya uzi ukiguswa tu juu ya freti hiyo bila kubonyezwa); zikitofautiana, sogeza tandiko. Uzi wa tatu uliovikwa utataka tandiko lisogee mbele, kuelekea shingo, kuliko lilivyokuwa kwa uzi mtupu.

Hatua ya 6: Pikapu

Bonyeza freti ya mwisho, pima kutoka uzi hadi pikapu: milimita 2.4 upande wa nyuzi nene, 2 upande wa nyembamba. Ukizikaribisha zaidi, sumaku huvuta uzi wa sita na sauti inayumba kama redio isiyoshika masafa.

Hatua ya 7: Jaribu

Pikapu ya briji, amplifaya safi bila mkwaruzo, mwangwi wa springi mwingi, pleki ngumu ya milimita 1 au zaidi. Weka ubavu wa kiganja juu ya briji, piga uzi wa sita chini-juu-chini-juu haraka kadiri uwezavyo. Aliyezoea risha ya udi kwenye taarabu ataujua mkono huu mara moja. Na si ajabu, Dick Dale alikuwa na asili ya Lebanoni upande wa baba. Uzi ukiruka, ongeza kabari. Ukigonga freti za karibu na nati tu, rudi hatua ya 3. Kisha bonyeza tremolo mara kumi na utazame tyuna.

Pima tena shingo baada ya siku mbili, maana mbao haikubali mvuto mpya siku hiyo hiyo.