Somo: Kutengeneza utando wa elektroliti mseto (PEO, LiTFSI na alumina) bila kudanganywa na maji

Utando huu ni ngozi nyembamba ya polima inayopitisha ioni za lithiamu ndani ya betri. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne kwa nini unanata vidoleni. Jibu fupi: shuku maji. Naandika yote hapa, namna tunavyofanya maabara kwetu Lubumbashi. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Vipimo: PEO (polima yenyewe) gramu 1, LiTFSI (chumvi ya lithiamu) gramu 0.326, unga laini wa alumina (oksidi ya alumini) gramu 0.147, asetonitrili (kiyeyushi) mililita 30. Chumvi imepigiwa hesabu ya oksijeni 20 kwa lithiamu 1: 1 ÷ 44.05 ÷ 20 × 287.09 (44.05 ni uzito wa moli ya kiungo kimoja cha PEO chenye oksijeni moja, 287.09 ni wa LiTFSI). Alumina ni asilimia 10 ya uzito wa utando.

Hatua ya 1. Kausha kila kitu kwenye oveni ya vakumu: PEO nyuzi 50, LiTFSI nyuzi 120, usiku na mchana.

Hapa ndipo nilipoharibu. Ilikuwa Januari, mvua kila alasiri. Chumvi niliikausha vizuri, nikaiweka kwenye mizani, nikaiacha wazi nikatoka kumsaidia mwenzangu kubeba mtungi wa gesi ya argoni. Niliporudi, kingo za ule unga mweupe zilikuwa zimelowa, zinang'ang'ania kijiko. Kwa kuwa ni ghali, nikaitumia hivyo hivyo. Nilipopima, upitishaji wa ioni ulikuwa juu ajabu kwenye joto la kawaida la chumba, nikaenda kumwonyesha mwalimu wangu kwa furaha. Siku mbili baada ya kuugusanisha ule utando na lithiamu, metali ikawa nyeusi na ukinzani ukapanda hovyo. Wiki tatu za kazi zikapotea. Kumbe ni maji yaliyokuwa yanazisogeza ioni. Kwa hiyo ukipata namba nzuri kupita kiasi pasipo kupasha joto, shuku maji, au asetonitrili iliyobaki ndani.

Chumvi isikae hewani hata dakika moja. Na utando ukishatoka ovenini (Hatua ya 4), pima uzito wake, urudishe, pima tena. Kama bado unapungua, haujakauka. Na umeme ukikatika, kimbilia kwanza valvu kati ya pampu na oveni uifunge, la sivyo mafuta ya pampu yanavutwa hadi ndani. Kwetu yalishafika.

Hatua ya 2. Alumina kwanza ndani ya asetonitrili, itikiswe kwa mawimbi ya sauti nusu saa isigandamane. Fanyia kazi ndani ya kabati la kufyonza mvuke: asetonitrili hushika moto upesi, na mwilini hugeuka sianidi.

Hatua ya 3. Tia chumvi, kisha PEO kidogo kidogo. Koroga usiku kucha.

Hatua ya 4. Mimina kwenye sahani ya Tefloni, funika bila kubana. Kesho yake, oveni ya vakumu nyuzi 50, saa 48.

Hatua ya 5. Bandua, kata, pima katikati ya visahani viwili vya chuma. Upitishaji wa ioni = unene kwa sentimita ÷ (ukinzani × eneo).

Maswali ya wasomaji, na majibu yangu:

Mwana Katuba: Yaya, chumvi ni gramu ngapi?

— Mstari wa vipimo, juu.

Fundi Ruashi: Asetonitrili bei kali. PEO inayeyuka majini, si tutumie maji tu?

— Inayeyuka, kweli. Ila nimeandika aya nzima juu ya maji, ndugu.

Fundi Ruashi: Nimesoma. Nitakausha mwishoni.

— Chumvi hii haiachii maji kirahisi. Nimeshakuambia yaliyonipata, uamuzi ni wako.

Dada wa Kamalondo: Samahani yaya, alumina yenyewe haipitishi ioni. Inasaidiaje?

— Swali zuri sana, dada. Ioni ya lithiamu hushikwa na oksijeni kadhaa za mnyororo, na mnyororo ukijinyonganyonga humpokeza jirani. Minyororo ikijipanga kuwa fuwele haijinyongi tena, ioni inakwama. Fuwele hizo huyeyuka karibu na nyuzi 65, ndiyo maana betri za polima za magari ya umeme ya Bluecar zilibidi zitunzwe na joto. Chembe za alumina huizuia minyororo isijipange. Kundi la mtafiti Scrosati wa Italia lilionyesha hilo mwaka 1998. Uso wa chembe pia hushikashika ioni hasi, lithiamu ikabaki huru zaidi. Ukipata LLZO (kauri ya lithiamu, lanthani na zirkoni), unga wenyewe hupitisha ioni, ila nao uufiche hewa, hujivika ngozi ya kaboneti. Ukitaka, nitakupigia hesabu ya vipimo vyake.

Mwalimu wa Likasi: Sisi hatuna kisanduku cha argoni, kile cha kufanyia kazi bila hewa wala unyevu. Chumvi tuitunze wapi?

— Chupa ndani ya chupa, katikati jaza silika jeli. Hiyo ni kwa kutunza tu, mwalimu. Kufungua metali ya lithiamu kunahitaji argoni. Jeli ya buluu ikigeuka waridi imeshiba maji, irudishe nyuzi 120 mpaka iwe buluu tena.

Dada wa Kamalondo: Ile buluu ni nini?

— Kloridi ya kobalti, dada. Kobalti hiyo hiyo tunayoichimba huku. Usivute vumbi lake.

Mwalimu wa Likasi: Chupa za jemu zinafaa?

— Zenye mpira mfunikoni, ndiyo. Paka grisi ya vakumu kidogo kwenye mdomo.