Kabla ya Chai ya Asubuhi: Kemikali Ipi ya Kuhofia Kwanza

Kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa ya Nairobi, hofu ya chakula huja kwa zamu. Leo oti zina dawa ya magugu, kesho mayai yana homoni, halafu mkate, halafu maziwa yaliyotiwa dawa ya kuhifadhi maiti. Mzazi anasoma hayo saa tano usiku, na asubuhi anasimama jikoni hajui amwekee mtoto nini kabla basi la shule halijapiga honi. Baadhi ya hayo ni kweli. Mengine ni kweli ya Marekani iliyobebwa nzimanzima ikaletwa hapa, na mengine ni porojo. Ukiyapa yote uzito mmoja, utaishia kununua oti za bei ghali huku uji wa kila siku, ambao ndio unaostahili wasiwasi, ukiuacha vilevile.

Kabla ya kubadilisha chochote, gawanya hofu zako mafungu mawili. Kuna kemikali inayokaa juu ya chakula, na kuna iliyo ndani yake. Ya juu inaoshwa, inamenywa, inapungua. Ya ndani haioshwi, na moto hauiondoi. Hapa ndipo wengi tunapopotea, maana tumelelewa tukiamini kwamba kikichemka vizuri mambo yamekwisha. Kuchemsha kunaua vijidudu. Aflatoksini (sumu ya ukungu) kwenye unga, dawa ya ng'ombe kwenye maziwa na floridi kwenye maji ya kisima haviondoki kwa kuchemka. Kwa fungu hili la pili kazi kubwa hufanyika sokoni, kabla hujalipa.

Tuanze na uji, kwa sababu ndio wenye mengi. Aflatoksini, ambayo majirani zetu Watanzania huiita sumukuvu, hutengenezwa na ukungu aina ya Aspergillus unaoota kwenye mahindi na karanga zilizopata unyevu na joto. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kwenye kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo vimethibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa hii ni saratani ya ini. Ikiwa nyingi kwa mpigo, inaua haraka. Mwaka 2004 huko Ukambani, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya ni mikrogramu 10 kwa kila kilo ya mahindi. Novemba 2019, shirika la viwango KEBS lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi zilizokuwa zimejaa kwenye rafu za maduka, na mwaka huohuo chapa kadhaa za siagi ya karanga zikakumbwa na shoka hilohilo. Machi 2021 serikali ikazuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo, ingawa siku chache baadaye iliyaruhusu kwa masharti. Kwa hiyo paketi yenye picha ya mtoto anayetabasamu si kinga.

Unga wa uji uliochanganywa tayari, ule wa mahindi, wimbi, mtama, soya, karanga na omena, mimi siupendi. Si kwamba wote ni mbaya. Ni kwamba ukishasagwa huna tena cha kutazama. Nafaka nzima unaiona. Kwa hiyo kabla ya kwenda Nyamakima au soko lolote la nafaka lililo karibu nawe, amua kwamba utanunua kila kitu kikiwa punje, kila kimoja kwenye mfuko wake, na utapeleka mwenyewe kwenye mashine ya kusaga. Karanga nunua mbichi zenye ngozi yake. Zilizokaangwa na kutiwa chumvi zimeficha rangi, na zilizosagwa zimeficha kila kitu.

Ukifika nyumbani mwaga karanga kwenye sinia pana karibu na dirisha, si chini ya taa ya jikoni. Punje nzuri imejaa, ngozi yake imeshika, na ukiipasua ndani ni nyeupe maziwa. Inayotupwa ni iliyokunjamana kama vidole vya mzee, iliyobadilika kuwa ya njano au kahawia ndani, iliyotobolewa na mdudu, na yenye vumbi la kijani au kijivu kwenye mpasuo. Kwa mahindi angalia kwenye kiini, pale punje iliposhikana na gunzi. Ukungu hupenda kuanzia hapo. Zilizovunjika pia zitoe. Ukiosha mahindi, zile punje zinazoelea zimwage bila huruma, lakini yakaushe yote juani kabisa kabla ya kusaga, la sivyo umejitengenezea tatizo jipya. Kuchambua huku hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa. Hakuimalizi, kwa sababu punje inayoonekana safi inaweza pia kuwa nayo. Anayekoboa mahindi hupata nafuu zaidi, kwani sehemu kubwa ya sumu huwa kwenye ganda na kiini. Wakamba na muthokoi wao wana faida hapo.

Muuzaji akikuhakikishia kwamba mahindi yake ni makavu, kuna kipimo cha kijijini kisichohitaji mashine. Tia punje kwenye chupa ya kioo iliyokauka vizuri, ongeza chumvi kavu kidogo, funga, tikisa dakika chache kisha uiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu wa kutosha kuotesha ukungu. Yanayofaa kuhifadhiwa yasipite asilimia 13.5 ya unyevu. Na usisage unga wa mwezi mzima. Unga ukitoka mashineni una joto. Ukiufunga kwenye mfuko wa plastiki ungali moto, jasho linabaki ndani.

Maziwa yanafuata, na yanahusiana na mahindi kuliko watu wanavyodhani. Ng'ombe akilishwa mahindi yaliyooza au chakula cha mifugo kilichoota ukungu, mwili wake hugeuza aflatoksini kuwa aina iitwayo M1 na kuitoa kwenye maziwa. Ulaya inaruhusu mikrogramu 0.05 kwa kilo. Kiwango cha kimataifa cha Codex ni 0.5, mara kumi zaidi. Taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, yenye makao yake hapa Nairobi, imewahi kupima maziwa ya viunga vya jiji na kukuta sampuli nyingi zimepita kile cha Ulaya. Hiyo haimaanishi kikombe kimoja cha chai kitakuua. Inamaanisha mtoto anayekunywa maziwa ya ng'ombe mmoja, kutoka boma moja, kila siku kwa miaka, anategemea kabisa uangalifu wa mwenye ng'ombe huyo. Anayenunua maziwa ya kupima anaweza kubadilisha anakonunua mara kwa mara. Bora zaidi, amuulize muuzaji mambo mawili bila kumgombeza: ng'ombe wanakula nini wakati wa kiangazi, na ng'ombe akidungwa sindano, maziwa ya siku hizo yanaenda wapi? Dawa za antibiotiki huandikwa idadi ya siku ambazo maziwa hayapaswi kuuzwa. Anayejua jibu atakujibu palepale. Anayecheka na kusema "ya kwangu hawaugui" amekujibu pia.

Wanaogandisha mala nyumbani wana dalili moja mkononi. Maziwa yaliyochemshwa, yakapozwa, yakatiwa mbegu ya mala nzuri na bado yanakataa kuganda, huenda yana antibiotiki au yametiwa kitu cha kuyafanya yasiharibike. Si ushahidi wa mahakamani, kwa sababu hata mbegu iliyochoka hufanya hivyo. Lakini yakikataa mara ya pili, na maziwa ya duka jingine yakakubali kwa mbegu ileile, hama.

Nduma ni suala la ardhi na maji. Zinazolimwa kwenye chemchemi safi hazina neno. Zinazoota kando ya Mto Nairobi na vijito vyake, vinavyobeba maji taka na yanayotoka viwandani, zinaweza kunyonya madini ya risasi na metali nyingine. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilipima watoto 328 wa karibu na jaa la Dandora, lililo kando ya mto huo, na takriban nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu kupita mikrogramu 10 kwa desilita, kiwango kilichokuwa kikitumika wakati huo. Tatizo kwa mnunuzi ni kwamba kila nduma ya Nairobi ikiulizwa inatoka Kirinyaga au Murang'a. Nunua kwa mtu unayemjua anakochukulia mzigo, zisugue udongo wote zikiwa bado hazijachemshwa, na menya nene. Mantiki hiyohiyo inageuza imani yetu kuhusu mayai ya kienyeji. Homoni kwenye mayai ya gredi sahau, kuku wa mayai hawapewi. Kuku anayechokora jaa linalochomwa plastiki, huyo ndiye wa kutilia shaka, kwa kuwa sumu ziitwazo dioksini zinazotokana na moto ule hukaa kwenye mafuta, na kiini cha yai kina mafuta.

Nyanya za kukaangia mayai ni fungu rahisi. Mwaka 2019 mbunge Gladys Shollei alipeleka ombi bungeni kutaka dawa kadhaa za wadudu zipigwe marufuku, na tangu hapo watu wameanza kuulizia ile poda nyeupe wanayoiona kwenye ngozi ya nyanya. Mara nyingi ni mabaki ya dawa ya ukungu wa mimea, kama mankozebu, ambayo Ulaya iliamua mwaka 2020 kutoipa kibali tena. Osha kwa maji yanayotiririka huku ukisugua kwa kidole, hasa pale kwenye kikonyo. Watafiti wa chuo kikuu cha Massachusetts walionyesha mwaka 2017 kwamba kuloweka matofaa kwenye maji yenye magadi ya kuokea (baking soda), kijiko kidogo cha chai kwa nusu lita hivi, kwa dakika 12 hadi 15, kulitoa dawa iliyokuwa juu ya ngozi vizuri kuliko maji matupu. Iliyokwisha kupenya ilibaki. Sabuni ya vyombo usitumie. Kwa ndizi, nunua za kijani uzivundike mwenyewe. Zilizoivishwa kwa kabaidi, kemikali ya kuharakisha kuiva, huwa za njano kote huku kikonyo kikiwa kijani na ndani ni ngumu.

Sasa oti, maana najua ndizo zilizokuleta. Baadhi ya wakulima wa Marekani na Kanada hunyunyizia glifosati, ile dawa ya magugu, shambani kabla ya kuvuna ili mmea ukauke kwa pamoja. Mwaka 2015 IARC ilisema huenda inasababisha saratani. Mamlaka ya mazingira ya Marekani inasema hapana. Mwaka 2018 shirika la wanaharakati la Environmental Working Group likapima oti na kuikuta kwenye nyingi. Hesabu iko hivi. Bakuli la gramu 40 la oti zenye miligramu 1 kwa kilo lina miligramu 0.04. Mamlaka ya chakula ya Ulaya inaruhusu miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, yaani mtoto wa kilo 20 angefika 10, bakuli 250. Shirika lile la wanaharakati lenyewe limejiwekea mpaka wa miligramu 0.01 kwa siku, na kwa mpaka huo bakuli moja limepita mara nne. Bakuli ni lile lile. Ugomvi ni wa nani amechora mstari wapi, na hautaamuliwa na video ya WhatsApp. Mimi oti naziweka nyuma ya mahindi na karanga kwenye foleni, kwa kuwa kuhusu aflatoksini hakuna anayebishana. Ukitaka kupunguza, zipishane na wimbi.

Sukari usiipoteze usingizi. Mwaka 2018 Fred Matiang'i, akiwa waziri wa usalama, alitangaza kwamba sukari ya magendo ilikuwa na zebaki na shaba, kisha wakubwa wenzake serikalini wakatofautiana naye kuhusu zebaki, na mwananchi akaachwa katikati. Funzo pekee la kutumika dukani ni kununua iliyofungwa na yenye alama ya ubora. Tuma neno SM, alama ya reli (#) na nambari ya kibali iliyo chini ya alama hiyo kwa 20023, upate jina la kampuni na bidhaa. Yakitofautiana na yaliyo kwenye paketi, rudisha. Yakilingana, umejua kibali kipo. Hujajua lolote kuhusu gunia la mahindi lililosagwa juzi. Mandazi ya kibandani beba chombo chako, usifungiwe kwenye gazeti, maana mafuta moto huvuta wino.

Watu wa ploti zinazotumia maji ya kisima wana jambo la ziada. Visima vingi vya Nairobi vina floridi, madini yanayoharibu meno yakizidi, inayopita miligramu 1.5 kwa lita, mpaka wa Shirika la Afya Duniani, na majani ya chai yenyewe huiongeza. Kuchemsha hukausha maji na kuacha floridi ikiwa imekolea zaidi. Mwombe mwenye nyumba matokeo ya maabara ya kisima. Mtoto ambaye meno yake ya kudumu bado yanajiunda ndani ya ufizi ndiye wa kwanza kupewa maji ya mfereji wa kaunti au yaliyochujwa kwa mtambo wa kuondoa floridi. Chujio la kawaida la mishumaa haliwezi kazi hiyo.

Na zile punje ulizotoa kwenye sinia: usimpe mlinzi akawape ng'ombe wa shangazi yake kule Kikuyu, wala usimuuzie mpika busaa. Ng'ombe yule anakamuliwa kesho asubuhi. Zichimbie shimo, au zitupe zikiwa zimechanganywa na majivu ili asizichukue mtu.