Jinsi ya kuonyesha vipokezi vya histamini vinavyoshikana, kwa kipande cha godoro na waya

Huku Tabora mfano wa histamini hautafutwi mbali, nyuki wapo, kila mwanafunzi wa tuisheni ama kashaumwa mwenyewe ama ana mjomba mwenye mizinga porini, ukimwambia ule uvimbe unaowasha una mkono wa histamini, kemikali inayotolewa na seli za mwili, anakuelewa fasta. Kazi inaanza ukisema vipokezi vyake, zile protini za kwenye utando wa seli zinazoishika histamini, vinashikana viwili viwili, hapo macho yanawatoka, mi sa hivi siongei sana natoa godoro.

Kata kipande cha sponji, unene wa vidole viwili, huo ndo utando wa seli, juu ni nje ya seli chini ni ndani. Tafuta waya laini za umeme, nyekundu na bluu. Anza na nyekundu, toboa kutoka juu ushuke, pinda, toboa tena urudi juu, hivyo hivyo mpaka yafike matobo 7, maana vipokezi vyote vinne, H1 mpaka H4, vinapita utando mara 7. Mkia lazima uishie chini, ukitokea juu ujue umehesabu vibaya, fumua (wengi wanachemka hapa). Na usipange matobo kwa mstari kama uzio, zungusha duara, katikati juu weka punje ya mtama, hiyo ndo histamini, ikishikwa na sehemu ya tobo la 3. Bluu nayo fanya vile vile, pembeni yake kabisa.

Sasa utamu. Mwaka 2004 watafiti walichukua H1 mbovu za aina mbili, moja imeharibiwa sehemu ya 3 (yaani tobo la 3), nyingine ya 6, kila moja ikiwa peke yake haishiki dawa, lakini zikiwekwa kwenye seli moja dawa inashikwa tena! Inakuwaje? Chukua maka pen, weka alama ya X kwenye nyekundu tobo la 3 na kwenye bluu tobo la 6. Alafu chomoa matobo mawili ya mwisho ya kila waya, la 6 na la 7, badilishana, nyekundu imalizie kwenye duara la bluu na bluu imalizie kwenye duara la nyekundu. Angalia sasa, duara moja limebeba X zote mbili, limekufa kabisa, ila la pili halina X hata moja, zima kama jipya. Mwache mwanafunzi aligundue mwenyewe, usimtajie.

Ukitaka kuonyesha H1 ikishikana na H2, ile ya tumboni inayochochea asidi, usibadilishane kitu, zifunge tu kwa uzi kwa chini alafu vuta moja, nyingine inafuata. Kwenye seli za binadamu za maabara imeonekana hivyo, ukiamsha moja zote mbili zinavutwa ndani na ile ambayo hukuigusa nayo inapoa.

Kuna atakayeuliza wanaonaje vitu vidogo hivyo, mwambie wanavibandika protini zinazong'aa rangi mbili, nishati inaruka toka moja kwenda nyingine zikiwa karibu tu, chini ya nanomita 10 hivi. Ila kukaa karibu sio lazima kushikana, hata kwenye daladala watu wanabanana na hawajuani, ndo maana wanapima kwa njia zaidi ya moja.