Kijiko kimelegea: namna ya kutafuta hitilafu ya haidroliki kabla ya kununua pampu

Kijiko kidogo (mashine ya kuchimbia) cha tani moja na nusu hadi sita kikipoteza nguvu, kauli ya kwanza inayosikika pembeni ya shimo ni "pampu imekufa". Mara nyingi si kweli. Pampu ndiyo kifaa ghali kuliko vyote kwenye mfumo, na kwa kawaida huagizwa Dar es Salaam au mbali zaidi. Ikishafungwa na kuingia oili, kijiko kikabaki vilevile, muuzaji hairudishi. Kwa hiyo pampu iwe mtuhumiwa wa mwisho.

Kabla ya kushika spana, muulize dereva mambo matatu. Je, kimelegea kila kitu au kitu kimoja? Kinalegea tangu asubuhi kikiwa baridi, au baada ya saa mbili za kazi? Kimeanza ghafla au kimekuja pole pole?

Kikilegea kila kitu, tafuta kwenye njia ya pamoja: oili, chujio la kunyonyea ndani ya tangi, presha ya pailoti (presha ndogo inayoziamrisha vali kubwa), rilifu kuu (vali inayoachia presha ikizidi), halafu pampu. Kikilegea kitu kimoja, pampu haina kosa. Angalia spuli yake kwenye vali (chuma kinachoteleza kufungua na kufunga njia ya oili), hozi zake, silinda au mota yake. Katikati ya hayo kuna hali inayowapoteza wengi: vinalegea vitu viwili au vitatu tu, kwa mfano bumu (mhimili mkubwa unaoshikana na mwili wa mashine), baketi na cheni ya kutembelea ya upande mmoja. Vijiko vingi huwa na pampu zaidi ya moja kwenye shafti moja, na kila pampu ina kundi lake la kazi. Mpangilio hutofautiana, ndiyo maana mchoro wa mashine yako una thamani hata kama maandishi yake ni ya Kijapani. Mistari inasomeka.

Kwanza usalama

Presha ya kijiko kidogo huwa baina ya bar 200 na 250. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kama ncha ya sindano kwa presha hiyo hupenya ngozi. Usitafute uvujaji kwa mkono. Pitisha kipande cha boksi kwenye hozi uone kinapolowa. Aliyepenywa anaweza kuona alama ndogo tu isiyouma sana, lakini hiyo ni dharura ya upasuaji. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na daktari aambiwe wazi kuwa ni oili ya presha.

Kabla ya kulegeza nati yoyote: laza baketi na bledi (bati la kusukumia udongo) chini, zima injini, rudisha ufunguo kwenye ON bila kuwasha, shusha levi ya usalama kama unavyofanya ukitaka kuanza kazi, kisha zungusha levi zote pande zote mara kadhaa. Mwisho legeza kifuniko cha tangi hadi hewa itoke. Bila ufunguo kuwa ON, mashine zenye solenoidi (vali inayofunguliwa na umeme) hazitoi presha iliyobaki, na nati ya kwanza utakayoifungua itakumwagia oili usoni.

Injini inanguruma, hakuna kinachosogea

Sikiliza injini unapovuta levi. Kama haizidiwi hata kidogo, pampu haijaombwa kazi. Shusha na upandishe levi ya usalama iliyo kushoto kwa kiti: unapaswa kusikia solenoidi ikigonga "ta". Kama haigongi, angalia fyuzi, swichi ndogo iliyo chini ya levi, na plagi ya solenoidi. Hapa kwetu Zanzibar hewa ya chumvi huotesha ukungu wa kijani kwenye pini za plagi. Zisugue, zikauke, paka grisi ya umeme. Hitilafu ya fyuzi moja imewahi kuuzia watu pampu nzima.

Solenoidi ikigonga na bado hakuna kitu, pima presha ya pailoti. Kwa vijiko vingi huwa bar 30 hadi 40. Ikiwa sifuri, angalia kapilingi inayounganisha injini na pampu. Mpira au meno yake yakiisha, injini huzunguka peke yake. Vijiko vidogo kabisa vyenye levi za fimbo na kebo havina pailoti. Kwenye hivyo, levi ya usalama hufunga fimbo zenyewe, basi angalia fimbo iliyopinda au pini iliyochomoka.

Oili inasema mengi

Pima kina mashine ikiwa sawasawa, silinda zikiwa katika mkao unaotajwa na kitabu. Ukipima bumu ikiwa juu utaona imepungua, utaongeza, halafu itafurika siku silinda zikirudi ndani.

Toa oili kidogo kwenye chupa safi, uiache. Yenye povu jeupe linalopotea baada ya muda ina hewa: klampu ya hozi ya kunyonyea imelegea, hozi imepasuka, au oili imepungua. Pampu nayo hulia mluzi mwembamba, hasa injini ikiwa kasi. Iliyobaki kama chai ya maziwa hata kesho yake ina maji. Ukitaka uhakika, dondosha tone moja kwenye bati la moto, ukiwa umevaa miwani: ikichachatika kama samaki anayetumbukizwa kwenye karai, maji yamo. Mlango wake huwa kifuniko cha tangi chenye kichujio cha hewa kilichokufa, mashine iliyolala nje masika nzima, au bomba la maji la presha lililoelekezwa kwenye kifuniko hicho siku ya kuosha.

Oili ya maji haichujwi, humwagwa. Mwaga tangi, ondoa chujio la kunyonyea ulioshe kwa dizeli, badilisha filta ya kurudishia. Kumbuka kwamba silinda na hozi zinabaki na karibu nusu ya oili ya mfumo, kwa hiyo fanya kazi saa chache kisha mwaga mara ya pili. Ni gharama, lakini ni nafuu kuliko kutu ndani ya pampu.

Daraja la oili (namba ya uzito wake) ni lile la kitabu, kwa kawaida 46. Kwa joto letu watengenezaji wengine huruhusu 68. Usichanganye madaraja kwa kuokoa lita tano. Na usiweke oili ya breki hata kijiko kimoja cha chai: huvimbisha sili zote (mipira ya kuzuia uvujaji).

Asubuhi nguvu, mchana ulegevu

Oili ikipata joto huwa nyepesi, na kila nafasi iliyochakaa huvuja zaidi. Lakini kabla ya kulaumu uchakavu, fungua mlango wa nyuma uangalie kipoza oili mbele ya rediyeta. Kule maweni, Paje, Jambiani na Makunduchi, unga mweupe wa jiwe hujaa kwenye mapezi na, ukikutana na tone la oili, huganda kama saruji. Puliza hewa kutoka upande wa feni kwenda nje, mbali kidogo ili mapezi yasilale. Bonyeza beliti ya feni kwa dole gumba. Isizame zaidi ya sentimita moja hivi.

Kazi ya nyundo ya kuvunjia mawe nayo hupasha oili na kuichafua upesi. Kama kijiko chako kinashinda na nyundo, muda wa kubadilisha oili na filta ukate nusu au chini ya hapo.

Kipoza kikiwa safi na oili sahihi, chukua saa. Pima sekunde za kunyanyua bumu toka chini hadi juu asubuhi, kisha baada ya saa mbili. Tofauti kubwa kwenye kazi zote sasa ndiyo inaelekeza kwenye pampu.

Silinda moja inashuka yenyewe

Jaribio rahisi ni la baketi. Ikunje hadi mwisho, ilale chini, toa presha kama ilivyoelezwa. Fungua hozi ya upande wa fimbo, ziba hozi kwa plagi ya chuma yenye nyuzi zake (si kitambaa, si kipande cha mti), weka ndoo chini ya tundu la silinda. Washa injini kwa mwendo wa chini, kila mtu akae mbali, kisha endelea kukunja taratibu. Matone machache si tatizo. Yakitoka kama mfereji, sili ya pistoni imekwisha. Yasipotoka, lawama inahamia kwenye spuli au rilifu ya kazi hiyo. Bumu usiifanyie hivi ukiwa peke yako, maana ili silinda yake ifike mwisho lazima uzito wote uwe hewani.

Ukifungua silinda, kagua fimbo kabla ya kununua sili. Pitisha ukucha kwa urefu wake. Vishimo vya kutu ya chumvi vinavyokwama ukucha vitakula sili mpya ndani ya wiki. Kuzuia ni rahisi: jioni laza kijiko kikiwa kimenyoosha mkono mbele, bumu chini, baketi wazi, ili fimbo nyingi ziingie ndani. Kinachobaki nje kipake oili.

Cheni inavuta upande mmoja

Anza na kilicho nje: mkazo wa cheni zote mbili, waya au kamba iliyojizungusha. Udongo mfinyanzi wa Pemba ukikauka kwenye sproketi hufanya kazi ya breki.

Kisha badilishana hozi za kulia na kushoto juu ya jointi ya kati (kiungo kinachozunguka, kinachopitisha oili kwenda kwenye cheni na bledi), ya mbele kwa ya mbele, ya nyuma kwa ya nyuma. Ulegevu ukihamia cheni nyingine, hitilafu iko kwenye vali au pampu. Ukibaki palepale, ni jointi au mota. Jointi ina dalili yake: sili zake zikiisha, bledi husogea yenyewe unapoendesha cheni, kwa sababu njia zote hupitia humo.

Kwa mota, fungua hozi nyembamba ya kurudishia, elekeza kwenye ndoo, endesha cheni ikiwa imenyanyuliwa, pima dakika moja kila upande. Linganisha. Inayotoa mara mbili au tatu ya mwenzake ndiyo mgonjwa, na ukiona vumbi la chuma usiendelee kuiendesha.

Geji, kisha mengine

Geji ya bar 400 na adapta zake ni nafuu kuliko safari moja ya boti. Ifunge kwenye tundu la pampu, peleka silinda mwisho, shikilia sekunde tano. Ikisoma chini, toa rilifu kuu, ioshe. Chembe moja ya mchanga chini ya koni inatosha kupoteza bar 100. Usizungushe skrubu yake bila geji kuwepo.

Ukibadilisha pampu baada ya yote hayo, ijaze oili kupitia tundu lake la juu kabla ya kuwasha. Ikizunguka kavu itajikwaruza ndani ya dakika chache. Acha injini kwa mwendo wa chini dakika kumi, sogeza kila silinda taratibu bila kuigonga mwisho, ongeza oili, na baada ya saa kumi za kazi toa filta ya kurudishia, uipasue, uangalie kilichomo.