Jinsi ya kuomba vibali vya kufunga ndoa ya watu wachache kando ya ziwa la milimani

Wengi wanaotaka kuoana wakiwa wawili tu, au na watu watano sita wa karibu, huanza kwa kuchagua ziwa, halafu tarehe, halafu mpiga picha. Maombi ya vibali huachwa hadi mwisho. Nawasihi mfanye kinyume chake, kwa sababu ndoa ya namna hii inahitaji ruhusa mbili zinazotoka ofisi mbili zisizowasiliana. Ya kwanza ni ruhusa ya kuoana, na mtoaji wake ni msajili wa ndoa. Ya pili ni ruhusa ya kutumia mahali, na hiyo hutolewa na mwenye ardhi, ambaye kwa maziwa mengi ya milimani ni mamlaka ya hifadhi. Kibali cha hifadhi hakimfanyi mtu kuwa mume wala mke. Leseni ya ndoa nayo haikupi haki ya kufanya sherehe ufukweni.

Hatua ya kwanza: ulizeni kama sheria inaruhusu ndoa kufungwa nje

Swali hili liulizwe kabla hamjalipia chochote. Nchini Ufaransa ndoa ya kisheria hufungwa kwenye ofisi ya meya, na hakuna ziwa litakalochukua nafasi ya ofisi hiyo, hata Annecy na uzuri wake wote. Uingereza na Wales ndoa ya kiserikali ni lazima ifungwe kwenye ofisi ya msajili, kwenye jengo lililoidhinishwa au, tangu 2021, kwenye viwanja vya jengo hilo. Ufukwe wa wazi wa Lake District, eneo lao la maziwa na milima, haumo. Ukivuka kwenda Scotland hali ni tofauti kabisa: mfungishaji ndoa akikubali, mnaweza kuoana kando ya maji, katikati ya milima.

Mkikuta sheria inakataa, msivunjike moyo. Tieni sahihi ofisini mapema, kisha nendeni ziwani mkaape mbele ya wale mnaowapenda. Kwa maoni yangu mpango huu mara nyingi ni bora kuliko ule mwingine, maana pale ziwani hamtakuwa na wasiwasi wa karatasi hata kidogo.

Angalieni pia mipaka. Lake Tahoe imekatwa na mpaka wa majimbo mawili ya Marekani, California na Nevada. Leseni iliyotolewa Nevada inatumika Nevada tu, na ya California hali kadhalika. Kwa hiyo upande wa ziwa mtakaosimama ndio unaoamua mwombe leseni wapi. Mpiga picha akiwaambia mwanga ni mzuri zaidi ng'ambo ya pili, apige picha huko baada ya ndoa, si wakati wa viapo.

Hatua ya pili: tarehe itokane na notisi

Notisi ni taarifa mnayoipa ofisi ya ndoa kwamba mnakusudia kuoana, na kila nchi ina muda wake. Kenya, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya 2014, hutaka notisi itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa, na isizidi miezi mitatu. Tanzania nayo, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, hutaka siku 21. Scotland ni siku 29. New Zealand mnasubiri siku tatu tu kabla ya leseni kutolewa, na mkishaipata inadumu miezi mitatu. Jimbo la Colorado, Marekani, halina muda wa kusubiri, ila leseni ikipita siku 35 bila kutumika imekufa.

Chukueni kalenda mhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya ndoa. Kuna makosa ya aina mbili hapa: kuomba mkiwa mmechelewa, na kuomba mapema mno hadi karatasi inaisha muda kabla hamjafika mlimani. La pili huwapata hasa watu makini, wale wanaopenda kumaliza mambo mapema.

Hatua ya tatu: kusanyeni hati

Kwa kawaida mtaombwa pasipoti au kitambulisho na cheti cha kuzaliwa. Aliyewahi kuoa au kuolewa hudaiwa hati ya talaka iliyokamilika au cheti cha kifo cha mwenzi wake. Mkienda nchi nyingine, nyingi hutaka pia cheti kutoka kwenu kinachosema hamna pingamizi la kuoana, na tafsiri iliyothibitishwa ya kila hati iliyoandikwa kwa lugha wasiyoitumia.

Wekeni hati zote mezani mlinganishe majina, herufi kwa herufi. Pasipoti ina majina matatu, cheti cha kuzaliwa kina mawili. Huku kumeandikwa Mohamed, kule Muhammad. Nyumbani hakuna anayejali, lakini karani asiyewafahamu ana haki ya kuwarudisha mlangoni. Kiapo cha majina kilichothibitishwa na wakili, kinachoeleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, humaliza tatizo. Kiandaliwe kabla ya safari.

Suala la viza nalo msilipuuze. Uingereza, kwa mfano, ina viza maalumu kwa wageni wanaokuja kuoana kisha kuondoka, na viza ya kawaida ya utalii haitoshi.

Hatua ya nne: ombeni kibali cha mahali

Hapa ndipo watu hudhani kwamba kwa kuwa ni wachache hawahitaji kibali. Katika hifadhi nyingi mnahitaji, hata mkiwa wawili na shahidi. Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, Colorado, ina maeneo maalumu yaliyotengwa kwa ndoa, yakiwemo ya Bear Lake, Lily Lake na Sprague Lake. Kila eneo lina kikomo chake cha watu, na idadi ya vibali kwa mwezi ina ukomo. Miezi ya kiangazi hujaa mapema. Kama moyo umeshikamana na ziwa moja, pateni kwanza uhakika wa kibali chake, ndipo muanze mchakato wa leseni.

Fomu huuliza mahali, muda, watu na vifaa. Jibuni kwa undani. Badala ya kuandika “kando ya ziwa”, andikeni hivi: “Ufukwe wa mashariki, karibu na gati la mbao, watu 6 pamoja na mfungishaji na mpiga picha, saa moja hadi saa mbili asubuhi, magari mawili, hakuna viti, hakuna spika, hakuna mapambo.” Afisa anayesoma maelezo haya anaona mara moja kwamba mimea haitakanyagwa na njia haitazibwa, na hana sababu ya kuwaandikia tena kuuliza. Mpiga picha ahesabiwe miongoni mwa watu. Wengi humsahau.

Tarajieni masharti: msirushe mchele wala maua, msiachie njiwa, msipigilie chochote kwenye miti. Droni zimepigwa marufuku katika hifadhi za taifa za Marekani tangu 2014. Mimi naunga mkono masharti haya kwa moyo wote. Ufukwe wa ziwa la juu hupona polepole sana, kwa kuwa msimu wa mimea kukua huko ni mfupi.

Ombeni pia mahali pa akiba. Milimani mvua haiulizi ratiba, na kwenye safu ya Rocky radi za mchana wa kiangazi ni za kawaida, ndiyo maana nimeshauri asubuhi. New Zealand jambo hili limo kwenye fomu yenyewe ya ndoa: mnataja mahali pa kwanza na pa akiba, na ndoa haiwezi kufungwa kwingine.

Hatua ya tano: kutia sahihi na kurudisha karatasi

Jueni mapema nani anapaswa kuwepo. Kenya na Scotland hutaka mashahidi wawili. Colorado haitaki shahidi, na wanaooana wanaweza hata kujifungisha wenyewe bila mfungishaji.

Bebeni ubao mgumu wa kuandikia wenye kibanio, kalamu mbili za wino mweusi, na mfuko usiopitisha maji. Upepo wa ziwani ni mkali, na karatasi iliyolowa au kufutwafutwa inaweza kukataliwa. Mmoja wenu, au rafiki mmoja aliyetajwa kwa jina, akabidhiwe mfuko huo asiuachie.

Kisha irudisheni ofisini karatasi iliyotiwa sahihi. Scotland mna siku tatu, Colorado siku 63. Huko Colorado msiporudisha, ndoa haiwekwi kwenye kumbukumbu na hamtapata cheti. Siku hiyohiyo ya kurudisha, ombeni nakala mbili au tatu zilizothibitishwa, kwani benki, uhamiaji na ofisi ya pasipoti kila moja hutaka yake. Kama cheti kitatumika nchi nyingine, ulizeni kuhusu muhuri wa apostili, unaothibitisha kwamba hati ni ya kweli na unaotambuliwa na nchi zilizojiunga na Mkataba wa Hague wa 1961. Nchi isiyo mwanachama huhitaji uthibitisho wa ubalozi wake, na huo ni rahisi zaidi kuupata mkiwa bado hukohuko mlikofungia ndoa.