Jinsi ya kuchora mwelekeo wa urejelezaji wa taka Marekani, na mtego wa 2018

Mwanafunzi mmoja alinionyesha grafu yake: urejelezaji unapanda tangu 1960, ukifika 2018 unaporomoka. Chini akaandika kwamba Wamarekani wamechoka kutenganisha taka. Takwimu zenyewe hazisemi hivyo.

Hatua ya 1. Pakua jedwali la EPA, shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira. Linahusu taka za manispaa, yaani za majumbani pamoja na za maduka, shule na ofisi, kwa hiyo kichwa cha grafu kisiseme "kaya" peke yake.

Hatua ya 2. Ingiza asilimia ya taka zilizorejelezwa kila mwaka: 1960 ni 6.4; 1970 ni 6.6; 1980 ni 9.6; 1990 ni 16; 2000 ni 28.5; 2010 ni 34; 2015 ni 34.7; 2018 ni 32.1. Mboji imo humo.

Hatua ya 3. Chagua grafu ya nukta (XY). Miaka ya jedwali inaruka kumi kumi, kisha mitano, kisha mitatu, lakini grafu ya mstari huipanga kama majina ya watu, nafasi sawasawa. Mimi natumia LibreOffice Calc, programu ya majedwali isiyodai malipo. Grafu za duara msiniletee.

Hatua ya 4. Hapa ndipo muda unapoishia. Gawanya mwenyewe tani zilizorejelezwa kwa jumla ya taka, usinakili asilimia tu. Mwaka 2017 zilirejelezwa au kugeuzwa mboji tani milioni 94 hivi. Mwaka 2018, milioni 94 hivi tena. Kilichobadilika ni jumla ya taka, iliyoongezeka kwa tani milioni 23.7 ndani ya mwaka mmoja, hadi milioni 292.4. Watu hawakuanza ghafla kutupa kiasi hicho. EPA ilibadili namna ya kupima chakula kinachopotea, ikaanza kuhesabu pia kinachopelekwa kulisha mifugo, kinachotolewa msaada, kinachoishia kwenye maji taka na kadhalika. Hizo ni tani milioni 17.7. Zimeingia kwenye jumla, ila hazikuhesabiwa kama urejelezaji wala mboji.

Ukiziondoa, 93.9 kwa 274.7 inakupa asilimia 34 na ushei. Usiifanye hiyo ndiyo namba rasmi, maana vipimo vingine vya chakula navyo viliguswa. Kata mstari kabla ya 2018, weka alama, eleza chini yake. Ukilinganisha na nchi nyingine, kumbuka pia tani ya Marekani ni pauni 2,000, kama kilo 907.

Hatua ya 5. Chora kila aina ya taka peke yake. Kwa 2018, karatasi na maboksi zilirejelezwa kwa asilimia 68.2, kioo 25, plastiki 8.7. Usizijumlishe ukagawanya kwa tatu kupata wastani: karatasi peke yake ni tani milioni 46 kati ya 69 zilizorejelezwa bila mboji, kwa hiyo yenyewe ndiyo inayouvuta mstari mkuu juu au chini, hata plastiki ikifanya maajabu.